Mpigo wa Kiganja

Uwanja uko nyuma ya klabu ya zamani ya reli:
udongo mwekundu, mistari ya chokaa inayofutwa na kuku,
wavu ulioshonwa kwa uzi wa viroba vya tumbaku.
Huko ndiko nilikoipeleka presha yangu
baada ya daktari kunitazama kama mtungi wenye ufa.
Umri: arobaini na mitatu. Kazi: muuguzi, wodi ya watoto.
Goti la kushoto: hulalamika likiona ngazi.

Mwalimu wa Jumanne ni Mihayo.
Miaka thelathini aliwabadilishia treni njia hapa Tabora,
hii ya Mwanza, hii ya Kigoma,
na mpaka leo haamini kitu kisicho na reli.
Amechora ukutani, kwa mkaa, safari ya mkono wangu:
raketi ipande hadi sikioni,
izunguke nyuma kama mpini wa kikombe,
ishuke chini ya mpira, ipande tena,
iishie begani, "kama unajitupia khanga."
"Treni haifiki Kigoma kwa kuitamani Kigoma," husema.
"Inafika kwa sababu mtu alilaza chuma."
Napiga hewa tupu, mara mia,
watoto wa shule wakinihesabia
na kuruka namba makusudi.

Mwalimu wa Alhamisi ni Sizya,
binti wa mrina asali kutoka Ipole.
Siku ya kwanza aliutazama mchoro, akacheka, hakuufuta.
Alifunga kamba juu ya wavu,
akaweka ndoo ya bluu karibu na mstari wa mwisho.
"Pitisha juu ya kamba, uangushe kwenye ndoo.
Mkono umepita wapi? Hilo si lako, ni la mkono."
Na nikikosea?
"Mpira utakwambia. Una sauti kunizidi."
Halafu akaleta nyuki: kila siku hupita hewani pengine,
upepo humsukuma, moshi humrudisha,
tundu la mzinga ni dogo kama sarafu, na hulipata.
Nani alimchorea?

(Mihayo aliposikia hayo alikohoa.
"Nyuki kazaliwa na ramani. Huyu mama kazaliwa na nini?")

Kwa hiyo Jumanne mimi ni treni, Alhamisi nyuki,
na Jumamosi, peke yangu kwenye ukuta wa ghala,
ni treni inayojaribu kutua juu ya ua.
Kiwiko kinauliza kituo cha tatu ni kipi.
Jicho linatafuta ndoo. Mpira unanipita
kimya, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nilimkumbuka mama na mchi. Hakunichorea kitu,
aliniambia tu: mtama usiruke nje.
Nikataka kumpa Sizya ushindi. Kisha nikakumbuka
siku ile moja aliyonishika kiwiko, akakisogeza
upana wa vidole viwili, bila neno,
na mgongo ukaacha kuuma.

Juzi walikuja wote wawili, msiba ulivuruga ratiba.
Walikaa benchi moja, katikati yao chupa ya chai.
Mpira wa saba, au wa nane,
nilikuwa nawaza kitanda namba sita,
mtoto ambaye homa yake haikutaka kushuka,
mkono ukaondoka wenyewe.
Mlio wake haukuwa wa kupiga. Ulikuwa wa mlango
unaojifunga vizuri. Juu ya kamba, ukazama, ndoo ikaanguka.

"Umeliona duara!" Mihayo kasimama.
"Umeona? Kalisahau duara!" Sizya kasimama.
Chai ikamwagika, hakuna aliyeitazama.

Kifundo changu bado kilikuwa na joto
la kitu ninachokifahamu. Nikakitambua:
miaka ishirini ya zamu za usiku
nikikung'uta kipimajoto ili zebaki ishuke,
karibu na taa, nisimwamshe mtu.
Hakuna aliyenifundisha njia yake.
Au alikuwepo, dada mmoja wa zamu. Nimesahau jina.

Sikuwaambia. Wangekigombania na hicho.
"Rudia," walisema, kwa mara ya kwanza kwa sauti moja.
Nikarudia. Mpira ukapaa juu ya klabu, juu ya waya,
ukaenda kuangukia relini,
upande wa Kigoma, nadhani, au wa Mwanza.